Jina la Babu Si Kiti cha Mjukuu

Mtu akiingia Mabibo leo, aanzie soko la Mahakama ya Ndizi hata afike Mabibo Mwisho, kila baada ya hatua chache ataona duka dogo la sukari, mchele na sabuni, na mwenye duka huitwa "Mangi". Hapana amwulizaye kama yeye ni wa nyumba ya Marealle au ya Meli, wala kama amepata kuuona mlima Kilimanjaro kwa macho yake. Auzaye unga kwa kipimo kidogo na kukopesha hata mwisho wa mwezi, huyo ndiye Mangi. Zamani neno hilo lilikuwa jina la enzi. Mangi alikuwa mtawala wa Wachagga katika nchi yake, na Machame, Kibosho, Moshi, Marangu na nyinginezo, kila moja ilikuwa na Mangi wake, naye alikipata cheo hicho kwa kuzaliwa katika nyumba ya watawala.

Wako wanaoliona jambo hili kuwa mzaha tu, na wako wazee wanaoudhika nalo, wakisema kwamba heshima ya wakubwa imeshushwa hata kuwa jina la muuza chumvi. Sisi hatulioni hivyo. Cheo kilichotoka katika nyumba moja kikawa jina la kila awahudumiaye majirani zake hakikushushwa, bali kimegawiwa watu wote. Walakini yafaa tulitazame jambo hili kwa makini, maana siku hizi habari ya vyeo vya urithi imerudi tena katika mazungumzo ya watu, na yaliyomo ndani yake si mzaha.

Mwezi Septemba mwaka 2021, katika Mkoa wa Mwanza, machifu walimpa Rais Samia Suluhu Hassan heshima ya uchifu na jina la Hangaya, maana yake nyota ing'aayo. Tangu hapo sauti za machifu zimesikika zaidi, sherehe za kuwasimika zimeandikwa magazetini, na wako watu wanaotoa rai kwamba sheria iwatambue tena na kuwapa nafasi katika uongozi wa nchi. Ndipo swali lilipo: cheo ambacho mtu hukipokea kwa baba yake au kwa mjomba wake kina haki gani katika nchi ya watu walio sawa? Jibu letu ni fupi, nasi tutalieleza. Jina na lirithiwe, kumbukumbu na irithiwe, ngoma na mkuki na virithiwe. Lakini amri juu ya watu isirithiwe, wala ardhi ya watu isifuatane na jina.

Kwanza tujue vyeo hivi vilikuwa nini hasa, maana wengi wavitetea na wengi wavibeza bila kuvijua. Tusiende mbali. Mabibo yenyewe, iliyokuwa ya Wilaya ya Kinondoni na sasa ni ya Ubungo, ni nchi ya Uzaramo, na jina lake ni lile tunda la mkorosho. Wazaramo walikuwa na cheo cha Pazi. Masimulizi ya wazee yasema kwamba Wakamba walipoishambulia Mrima, watu wa pwani walishindwa, wakaomba msaada kwa mwindaji mmoja shujaa kutoka bara. Naye akawafukuza maadui, akajulikana kwa jina la Pazi Kilama, na watu wa pwani wakakubali kumpa zawadi kila mwaka. Baada yake wazao wake wakalichukua jina hilo. Tazama basi mwanzo wa cheo hiki: hakikuanza kwa damu, kilianza kwa kazi. Mtu aliwatendea wenzake jambo kubwa, wakampa heshima. Ni watoto na wajukuu waliokuja kuipokea heshima ambayo wao hawakuifanyia kazi.

Pili, watu husema "desturi yetu ni baba kumrithisha mwana", kana kwamba desturi ilikuwa moja kila mahali. Sivyo. Huko Kinole katika milima ya Uluguru, jina la Kingalu limepokewa kwa vizazi vingi kwa kufuata upande wa mama, yaani mpwa humrithi mjomba. Katika sehemu nyingi za Usukuma na Unyamwezi nako, zamani mrithi wa mtemi alikuwa mtoto wa dada yake, wala si mtoto wake mwenyewe. Tena wazee wa baraza ndio waliomchagua miongoni mwa wengi waliostahili, nao waliweza kumwondoa mtemi ikiwa mvua zilikatika na nchi ikaharibika. Kwa hiyo hata katika siku za enzi hizo, damu ilikuwa sharti moja tu. Sharti la pili lilikuwa ridhaa ya watu, na la tatu lilikuwa nchi kupata faida. Anayetaka leo kurudisha lile sharti la kwanza peke yake, na kuyasahau mawili yaliyobaki, hatetei desturi. Yeye ameikata vipande akachukua kile kimfaacho.

Tena urithi wa cheo haukuwa sikuzote njia ya amani. Usambara ilikuwa na ufalme mkubwa wa Wakilindi, uliotokana na Mbegha, yule mwindaji ambaye watu walimpa utawala. Chini ya Kimweri ye Nyumbai ufalme huo ulienea hata karibu na bahari. Alipofariki mwaka 1862, enzi ilimwangukia mjukuu wake, Shekulwavu, kwa kuwa mrithi wa kwanza alikuwa amekwisha kufa. Ndipo Semboja, mwana wa mfalme, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, akainuka kupigana na mwana wa ndugu yake. Nchi ikagawanyika kwa vita vya miaka mingi. Bunduki zilinunuliwa, na watu wakakamatwa na kuuzwa utumwani ili kupata za kununulia. Mkulima wa Usambara hakuulizwa nani awe mfalme, lakini ndiye aliyelipa gharama ya ugomvi wa wana wa nyumba moja. Hapo ndipo ubaya wa amri ya kurithi ulipo: watu wa nyumba wakigombana, nchi nzima huumia.

Walipokuja wageni mambo yaligeuka zaidi. Wajerumani waliwaua au kuwaondoa watawala waliowapinga, na kuwainua waliowakubali. Mkwawa wa Uhehe alikufa mwaka 1898 asitiwe mikononi mwao. Fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 tu. Isike wa Unyanyembe alijilipua ndani ya ngome yake mwaka 1893. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa mwaka 1900 pamoja na wenzake. Mbano wa Ungoni, yule tumjuaye kwa jina la Songea, alinyongwa mwaka 1906 baada ya Vita vya Majimaji. Katika sehemu nyingine, hasa pwani, Wajerumani waliweka maliwali, maakida na majumbe wao.

Kisha wakaja Waingereza, na Gavana Donald Cameron, aliyetawala tangu 1925 hata 1931, akatoa sheria ya mwaka 1926 ya kuwatawala watu kwa mikono ya machifu wao. Mahali palipokuwa na chifu wa asili alitiwa katika mshahara wa serikali. Mahali pasipokuwa naye, alitafutwa mtu wa kufanywa chifu. Tangu siku hiyo chifu akawa mkusanya kodi na mpeleka amri za bwana mkubwa. Ridhaa ya baraza la wazee ikapungua nguvu, maana aliyeweza kumwondoa chifu sasa alikuwa Bwana Shauri. Mwaka 1955 watu wa Uluguru walipoikataa amri ya kulima matuta milimani, hasira yao iliwaelekea pia watawala wao wa kienyeji, kwa kuwa wao ndio waliopewa kazi ya kuisimamia amri ile. Hivyo ndivyo mkoloni alivyomdhulumu chifu mara mbili: alimpa nguvu ambazo babu zake hawakuwa nazo, na akamwondolea mapenzi ya watu ambayo babu zake walikuwa nayo.

Unguja ilikuwa na mfano ulio wazi kuliko yote. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid, mwana wa Sultani Barghash, akakalia kiti cha baba yake. Kama enzi ni damu, nani aliyekuwa na damu kumpita yeye? Lakini Waingereza hawakumtaka. Tarehe 27 mwezi huo huo manowari zao ziliipiga jumba la mfalme kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, watu wengi wakafa, na kiti akapewa Hamoud bin Mohammed. Basi ule uliokuwa ukiitwa urithi wa kifalme ulikuwa kwa kweli zawadi itolewayo na wenye manowari. Enzi hiyo ilikoma tarehe 12 Januari 1964. Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, aliyekuwa amerithi kiti kwa miezi michache tu, alikwenda kuishi Uingereza, na alifariki Omani mwishoni mwa mwaka 2024.

Tanganyika ilichukua njia nyingine, isiyo na damu. Mwaka 1963, Bunge lilifuta sheria iliyowapa machifu madaraka ya serikali. Neno hili lataka kuelezwa vizuri, maana husemwa vibaya mara kwa mara. Sheria ile haikumkataza mtu kuitwa Mtemi, wala haikuwavunjia watu makaburi ya wazee wao. Ilichoondoa ni mshahara, mahakama na amri. Aliyewaongoza watu katika jambo hilo, Julius Nyerere, alikuwa mwenyewe mtoto wa mtawala, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Hakuikata enzi ya nyumba za wengine akaiacha ya nyumba yake.

Tena machifu hawakutupwa. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa yule shujaa wa Kalenga, alikuwa Spika wa Bunge kwa vipindi viwili, tangu 1962 hata 1973 na tangu 1975 hata 1994. Abdallah Fundikira, Mtemi wa Unyanyembe, alikuwa Waziri wa Sheria wa kwanza wa nchi huru. Kule Kilimanjaro, Thomas Marealle alipewa cheo cha Mangi Mkuu mwaka 1952 kwa kura za Wachagga, na mwaka 1960 ni kura zao hao hao zilizokiondoa cheo hicho. Kwa watu hawa twaona jambo la maana sana. Mkwawa hakukalia kiti cha Spika kwa kuwa ni wa ukoo wa Mkwawa. Alikikalia kwa kuwa wenzake bungeni walimwona anafaa, na siku ambayo wangemwona hafai wangeweza kumwondoa. Damu haikumzuia, wala haikumpandisha.

Majina yenyewe yatufundisha neno hilo hilo. "Jumbe" na "Mwinyi" yalikuwa vyeo vya pwani. Leo ni majina ya watu wa kawaida, utayasikia katika daladala na kiwandani. Aboud Jumbe aliongoza Zanzibar tangu 1972 hata 1984, na Ali Hassan Mwinyi akamfuata, kisha akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano tangu 1985 hata 1995. Hapana hata mmoja wao aliyepewa kiti kwa sababu ya lile neno lililomo katika jina lake.

Sasa tuingie katika jambo linalomgusa zaidi mtu wa kazi, nalo ni ardhi. Cheo kisicho na mali ni fahari tu. Cheo chenye ardhi ni mnyororo. Jirani zetu wa Buganda wamelionja hili. Kwa mkataba wa mwaka 1900, Waingereza waliigawa ardhi kubwa kwa Kabaka, jamaa zake na wakuu wake, ikawa mali yao binafsi ya kurithishana. Mkulima aliyekuwa akilima pale tangu enzi za babu zake aliamka akakuta yeye ni mpangaji. Ugomvi wa wenye ardhi na wapangaji haujakwisha huko hata leo. Ufalme wenyewe ulivunjwa kwa nguvu, jumba la Mengo likashambuliwa mwaka 1966, kisha Kabaka akarudishwa mwaka 1993, na Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ikawakataza watawala wa jadi kuingia katika siasa za vyama. Hata hivyo mwezi Septemba 2009, Kabaka alipozuiwa kwenda Kayunga, fujo zilizuka Kampala na watu wakapoteza maisha yao. Hatuyasemi haya kwa kuwacheka ndugu zetu. Twayasema ili kuonyesha kwamba heshima ya jadi ikichanganywa na ardhi na madaraka, huwa vigumu sana kuitenga tena.

Wala kwetu jambo hilo halikukosekana. Bukoba kulikuwa na nyarubanja, ambayo kwayo wenye nasaba na wapendwa wa Omukama walimiliki mashamba ya migomba yaliyolimwa na wengine, na mlimaji akatoa sehemu ya mazao kumpa bwana shamba. Mtoto wa bwana alizaliwa bwana, na mtoto wa mlimaji alizaliwa mlimaji. Sheria ya mwaka 1965 iliwapa walimaji haki ya kujikomboa. Mchukuzi wa Mahakama ya Ndizi atuaye mikungu kutoka kwenye lori, na mama auzaye mafungu yake kandokando, yawafaa wakumbuke kwamba palikuwa na wakati ambapo mkungu wa ndizi ulikuwa na bwana aliyezaliwa kuudai. Leo ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hiyo ni nguzo ambayo chifu yeyote wa leo, hata awe na jina kubwa namna gani, hana budi kuikuta imesimama na kuiacha imesimama.

Na tukitaka kujua dunia inaelekea wapi, tuwatazame hao hao waliotutawala kwa mikono ya machifu. Uingereza ilikuwa na mamia ya mabwana walioketi katika Baraza la Malodi kwa sababu tu baba zao waliketi humo. Mwaka 1999 waliondolewa wengi, wakabakizwa 92. Mwaka 2024 serikali yao ilipeleka bungeni muswada wa kuwaondoa hao waliobaki pia. Nchi hiyo ina mfalme na haioni aibu kuwa naye; walakini hata yeye atia sahihi sheria asizozitunga. Itakuwa ajabu ikiwa sisi tuliouacha mzigo huo mwaka 1963 tutautwika tena wakati ambapo mwenyewe anautua.

Katiba yetu nayo haikunyamaza. Ibara ya 29 imeweka wazi kwamba hakuna raia atakayekuwa na haki, hadhi wala cheo cha pekee kwa sababu ya nasaba, jadi au urithi wake, na inaikataza sheria yoyote kumpa mtu kitu kama hicho. Kwa hiyo wanaosema "sheria iwatambue machifu" wana deni la kutueleza kwanza: iwatambue kwa nini? Kama ni kuwatambua kuwa watunza mila, hilo halihitaji amri wala mshahara. Kama ni kuwapa madaraka kwa kuwa wamezaliwa katika nyumba fulani, hilo Katiba imelifungia mlango, na mlango huo haukufungwa kwa bahati mbaya.

Twajua hoja za upande wa pili, wala hatuzidharau. Wasema chifu huwapatanisha watu waliogombana bila wakili na bila gharama. Ni kweli. Wasema chifu alitunza misitu ya matambiko na chemchemi za maji wakati ambapo leo miti yakatwa hovyo. Ni kweli pia. Wasema aliyechaguliwa hula na wapambe wake miaka mitano kisha akaondoka, bali chifu huogopa kuliharibu jina la babu zake. Hapo tunasita. Kiongozi mbaya aliyechaguliwa ni msiba wa miaka mitano. Kiongozi mbaya aliyezaliwa ni msiba wa maisha yake yote, na baada yake waja msiba wa mwanawe. Dawa ya uchaguzi mbaya ni uchaguzi mzuri zaidi. Na yale mema mawili ya kwanza, ya upatanishi na ya misitu, chifu aweza kuyafanya leo hii kama mzee mwenye heshima, watu wakimwendea kwa hiari yao. Jambo lifanywalo kwa hiari halipungui thamani kwa kukosa askari nyuma yake.

Tena yuko mwingine anayeudhiwa na jambo hili, naye ni kijana wa mjini. Mabibo ni mahali pa watu wa kila kabila. Wako waliokuja kufanya kazi katika kiwanda cha nguo cha Urafiki tangu kilipojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1960, wako wanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, wako mafundi, makuli na mama lishe. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa kwa kura na wote wakaao pale, Mzaramo na Mnyakyusa, Mhaya na Mmakonde. Chifu wa nani angewatawala hawa? Nasaba ipi ingewakusanya? Mtu wa mjini akiulizwa "wewe ni wa ukoo gani?" kabla ya kuulizwa "waweza kazi gani?", amekwisha kunyimwa nusu ya uraia wake.

Lakini tusije tukamlaumu chifu peke yake, tukauacha urithi mwingine uingie kwa mlango wa uani. Urithi wa cheo hauvai lubega tu. Aghlabu huvaa suti. Ukiona nafasi ya kazi imetangazwa hali imekwisha kugawiwa mpwa wa mkubwa, huo ni uchifu. Ukiona mtu anadai kiti cha uongozi, katika chama chochote, katika ushirika au katika chama cha wafanyakazi, na hoja yake ya kwanza ni kwamba baba yake alikuwa nani, huo ni uchifu, tena usio na baraza la wazee la kuuzuia. Hatusemi mtoto wa kiongozi anyimwe haki yake. Huko nako kungekuwa kumhukumu mtu kwa nasaba yake. Twasema apimwe kwa kipimo kile kile apimwacho mtoto wa mchukuzi. Kiwandani fundi hapewi mashine kwa sababu babu yake aliijua. Hupewa akiisha kuonyesha kwamba yeye mwenyewe anaijua. Uongozi wa nchi ni mashine kubwa kuliko zote. Mbona huo ndio tuwe tayari kumwachia mtu kwa jina?

Yatupasa basi tufanye nini? Kwanza, historia za nyumba hizi ziandikwe na zisomwe mashuleni, pamoja na mema yake na mabaya yake, ushujaa wa Kalenga na vita vya ndugu vya Usambara. Pili, wazao wa mashujaa wasaidiwe kudai vilivyochukuliwa. Kichwa cha Mangi Meli chasadikiwa kuwa kilipelekwa Ujerumani, na jamaa zake wamekitafuta kwa miaka mingi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi, akakutana na wazao wa Songea Mbano. Hapo jina la kurithi lilifanya kazi yake iliyo njema kuliko zote: liliwasemea wafu waliokosa msemaji. Tatu, wagombea wa uongozi waache kwenda kwa machifu kutafuta kura za watu kana kwamba watu ni mifugo ihesabiwayo zizini. Na chifu ajiheshimuye akatae kuitwa katika biashara hiyo. Nne, wananchi waikumbuke ibara ya 29 kama wanavyokumbuka namba ya nyumba zao, maana haki isiyojulikana huchukuliwa mchana kweupe.

Tena lile jambo la Hangaya laweza kusomwa vizuri na mwenye kutaka. Mwanamke aliyezaliwa Unguja amepewa jina la heshima Usukumani, ambako hana babu wala mjomba wa kumrithi. Maana yake ni kwamba hata wenye mila wenyewe wajua kuwa heshima yaweza kutolewa bila damu. Basi na waendelee katika njia hiyo. Na wampe jina la heshima mwalimu aliyefundisha vijijini miaka arobaini, na mkunga aliyepokea watoto elfu moja, na mchimba visima. Hivyo ndivyo Pazi wa kwanza alivyolipata jina lake.

Mtoto wa chifu ana haki ya kujivunia babu yake, na mtoto wa kuli ana haki hiyo hiyo, maana hata barabara na reli zilijengwa na mikono ya babu za watu. Kila mmoja na ajivunie aliko toka. Lakini siku ya kuchagua kiongozi wa mtaa, wa kiwanda au wa taifa, wote wawili na wasimame katika mstari mmoja, mikono yao ikionekana, na ulizo liwe moja tu kwa wote: wewe mwenyewe umefanya nini?